Msingi Nyuma ya Banda la Nguruwe

Beizhai, 2 Machi 1996

Kaka Shouxin,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima. Baba naye mzima kwa kadiri yake: mkono wa kulia bado umelala, ulimi bado umefungwa, lakini sikukuu ya mwaka mpya alikula jiaozi za nyama kumi na tisa, na nilizikunja mwenyewe kwa hiyo najua ukubwa wake. Tulikuwekea bakuli na vijiti mezani kama kawaida. Mwaka wa tisa huu. Shangazi alitaka kuviondoa apate pa kuweka samaki, Baba akampiga kwa mkono wa kushoto.

Sasa nisikilize. Nimenyimwa kibali tena. Tangu wale wa ofisi ya mambo ya kale walipokuja mwaka juzi na makoleo yao ya mrija, wakatoboa nyuma ya banda la nguruwe na kutoa udongo wa kushindiliwa, nyumba yetu imekuwa ndani ya mstari mwekundu. Wanasema chini kuna msingi wa jumba la wafalme. Haturuhusiwi kuongeza tofali, haturuhusiwi kuchimba, hata kigingi cha kufungia mbuzi lazima niombe. Akina Hao wa ng'ambo ya njia, hatua kumi na mbili tu kutoka mlangoni petu, wamejenga ghorofa na sasa wananitazama nikianika nguo.

Ukuta wa magharibi umefura. Kitanda cha Baba nimekisogeza mpaka kimegusa jiko. Na kuna Tian Baoku, yule fundi wa pampu niliyekwambia. Mwanamume mzima amekubali kuja kuoa na kukaa kwetu, kwa sababu anajua siwezi kumwacha Baba. Wangapi wanakubali hivyo? Lakini tuna chumba kimoja na pazia. Mama yake amesema anasubiri mpaka sikukuu ya mwezi wa vuli. Kisipojengwa chumba, kuna msichana wa kijiji cha pili, mwenye nyumba ya matofali na baba anayetembea.

Afisa ameniambia njia ipo. Mkuu wa kaya anaweza kupinga na kuomba watoboe upya, ila lazima aje mwenyewe aweke dole gumba. Mkuu wa kaya kwenye kitabu ni wewe, tangu Baba augue. Mimi ninayemgeuza kitandani mara nne kwa siku ni mwanakaya tu.

Njoo. Wiki moja inatosha.

Mdogo wako,
Cuiping


Kunming, 29 Machi 1996

Cuiping mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mkono mmoja umo kwenye unga, kwa hiyo ukiona alama nyeupe usidhani nimeanza kutumia poda. Mimi mzima. Mgongo unalalamika kidogo, lakini nani akande unga miaka tisa asilalamike? Watu wa huku ni watu wa wali. Mwanzo mikate yangu ya mantou waliiona kama mito ya kulalia. Sasa kuna bibi mmoja ananunua sita kila asubuhi, ananiambia, "We mtu wa Henan, hizi zako zimeniokoa meno." Huku maua yameshafunguka na watu hawajui koti zito ni kitu gani.

Nimefurahi sana kuhusu huyo Tian. Mtu anayetengeneza pampu ana subira. Mwambie asubiri.

Hilo la kuja, mdogo wangu, sasa hivi si rahisi. Tajiri wangu ameugua nimeachiwa tanuri lote. Treni yenyewe siku mbili na zaidi, umesimama. Na ofisi zile hazipingwi, wewe unazijua. Ukipinga wanakuwekea kinyongo. Waache tu, mwaka huu au ujao watawahamisha wote walio ndani ya mstari na mtapewa nyumba nzuri kuliko hiyo.

Neno moja tu. Nyuma ya banda usiguse. Usichimbe hata pa kupanda vitunguu. Sisemi kwa ubaya.

Nimetuma kitambaa cha bluu na dawa ya mishipa ya Baba. Mpake nyayo.

Shouxin


Beizhai, 21 Aprili 1996

Kaka,

Kitambaa kimefika, asante. Dawa imefika, Baba anaichukia.

Umeandika kuhusu unga, maua, meno ya bibi wa watu na mgongo wako. Kuhusu kuja umeandika mistari minne, na yote minne ni hapana. Sikukuambia utafute maneno mazuri. Nilikuambia uje uweke dole gumba. Dole gumba halihitaji ruhusa ya tajiri.

Huku mambo yamezidi. Wameweka njia ya mbao yenye reli za kushikia mkono kutoka kwenye shimo walikofukua magari ya kale ya farasi mpaka nyuma ya nyumba yetu, na wageni wanakata tiketi. Mbele ya banda la nguruwe wamesimamisha kibao: "Msingi wa jengo la kifalme, miaka elfu tatu hivi." Mwelekezi anasimama pale na kipaza sauti anasema angalieni ustadi wa mafundi wale, tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa kiganja, hata leo hakuna anayeweza. Nguruwe wangu anasimama nyuma yake anajikuna. Na Baba, ambaye tangu kiharusi hakuwa na sauti zaidi ya kuguna, kila akisikia hayo maneno anacheka. Anacheka mpaka machozi. Wageni wanampiga picha. Daktari wa zahanati anasema ni ugonjwa, mishipa ya kichwani ndiyo inayocheka.

Siku ya kusafisha makaburi, nimetoka tu kwenye kaburi la Mama kufyeka majani, nimerudi nikakuta mgeni mmoja kwenye reli. Hakuwa na kikundi wala mwelekezi. Kofia mpaka machoni, kitambaa cha vumbi mpaka puani, tiketi mkononi. Kibao hakutazama sana. Alikuwa anatutazama sisi. Nikamtoa Baba juani, nikambadilisha nguo, bado yupo. Nikaenda kuchota maji nikarudi, bado yupo. Baba akamwona, akaanza kucheka kwa ile sauti yake, halafu ikageuka kilio, akapaliwa mpaka akawa mweusi. Nikamwokotea yule mtu bonge la udongo nikamwambia, "Hapa si banda la nyani. Umekata tiketi ya kuona wafu, nenda ukaone wafu." Alikimbia, Kaka. Mtu mzima alikimbia mpaka akaangusha kofia.

Hayo ndiyo maisha yangu. Nafua nguo za ndani za baba yangu mbele ya watu waliolipa. Ukiweza kusoma hili na bado uandike kuhusu unga, basi.

Cuiping


Kunming, 15 Mei 1996

Mdogo wangu,

Nimesoma.

Mwambie Tian aongeze magogo kwenye ukuta wa magharibi. Hayo mawili ya mti wa mpopla hayatoshi, lile la kaskazini limeegemea vibaya na chini yake ni tope. Aweke jiwe bapa kwanza. Na kitanda cha Baba kikae upande wa mlango, hata kama upepo unaingia.

Nakuomba usiwapigie wageni kelele. Wengine hawana nia mbaya.

Shouxin


Beizhai, 30 Mei 1996

Kaka,

Magogo Tian aliyaweka tarehe moja Aprili. Sikuwahi kukuandikia kuhusu magogo, wala ya mpopla, wala mawili, wala la kaskazini.

Kofia yako ninayo. Nimeitundika msumarini.

Sitakuuliza kwa nini ulisafiri siku mbili na zaidi ukakata tiketi kuja kututazama halafu ukakimbia. Utaniambia mwenyewe, au usiniandikie tena.

Cuiping


Beizhai, 22 Julai 1996

Mvua imenyesha siku sita. Juzi alasiri kipande cha ukuta wa magharibi kimeanguka, upana wa mlango. Baba alikuwa uani na mimi, ndiyo bahati. Nilikwenda ofisini kuomba tofali mia mbili tu za kuziba. Wakanipa turubai.

Mama yake Tian amekuja na mtu, akamwonyesha ukuta. Alinywa maji akaondoka.

Sijakusamehe, nakuarifu tu.

Cuiping


Kunming, 11 Agosti 1996

Cuiping,

Keti kwanza. Mtoe Baba nje kidogo, au subiri alale mchana, ndipo usome.

Ni kweli nilikuja. Nilisema nitafika mlangoni. Kwenye treni nilikuwa nimepanga mpaka maneno. Lakini niliposhuka mjini nikaona mabasi yameandikwa jina la kijiji chetu, na mama mmoja akanishika mkono akinitaka nipande, akanieleza kijiji changu mwenyewe kipo wapi. Nikasema nitaingia kama mgeni, nione kwanza. Kwenye dirisha la tiketi aliyekaa ni binti wa jirani Hao, yule tuliyekuwa tunamwita Boga. Amenyoosha tiketi hata hakunitazama. Akaniuliza, "Uko peke yako? Mwelekezi hutaki?" Nikatikisa kichwa. Niliogopa atanijua kwa sauti.

Nikaenda kama wengine. Nikaona shimo la magari, farasi wawili na mwendeshaji wao, mifupa yote imelala kwa mpangilio chini ya kioo. Kuna Mjerumani alikuwa peke yake kama mimi, ana kitabu, akawa ananiashiria nimpige picha. Nikampiga. Tukafuatana kwenye zile mbao, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tukafika kwetu. Akasoma kibao akaniinulia dole gumba. Nikakiona na mimi. Miaka elfu tatu. Cuiping, ule msingi ni wangu.

Ni hivi. Mwaka themanini na saba, ulipokuwa umekwenda kwa shangazi kuvuna pamba, mimi na Baba tulichimba shimo jipya la kuhifadhia viazi nyuma ya banda. Kimo cha mtu na nusu nikagonga kitu. Kikombe cha shaba, cha miguu mitatu, kijani kama mwani. Nilijua sheria. Kila mtoto wa Beizhai anaijua. Mwaka ule ule mtu wa ng'ambo ya mto alipigwa risasi kwa ajili ya mtungi mmoja. Lakini alikuwepo mnunuzi wa kusini amelala mjini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na nimechoka kula viazi. Nikamuuzia. Baba alilia, akaniambia nirudishe, na mtu alikuwa ameshaondoka.

Basi lile shimo ilibidi lifukiwe. Ningemwaga udongo hivi hivi, mvua ya kwanza ungedidimia, na wewe unawajua watu wetu, wakiona ardhi imedidimia wanakuja na koleo la mrija kusaka shaba kabla hujaamka. Baba akasema tulishindilie. Yeye hajui kushindilia vibaya. Tulishindilia siku mbili, tabaka kwa tabaka, kila tabaka kiganja, kama ukuta wa nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa akipima. La mwisho alilimwagia maji ya chokaa. Ilipokwisha alipiga kwa kisigino akasema, "Hapo hata tembo apite." Asubuhi yake nikaondoka.

Wataalamu wamesoma kazi ya Baba wakadhani ni ya mafundi wa wafalme. Ndiyo maana anacheka. Si ugonjwa. Wanamsifu mbele yake na hawezi kusema ni yeye.

Na ndiyo maana mstari mwekundu umewazunguka. Mimi ndiye niliyekufungia humo. Niliposoma barua yako ya kwanza nilijua, na nikakuandikia kuhusu bibi na meno yake.

Nimeambatanisha bahasha nyingine, nimeibandika. Ni ya ofisi. Nimeandika yote na dole gumba nimeweka. Ukiipeleka watachimba, wataona, watafuta mstari, utajenga chumba. Usipoipeleka sitakulaumu. Nakuachia wewe uamue.

Shouxin


Beizhai, 25 Agosti 1996

Kaka,

Bahasha yako nakurudishia, sijaifungua.

Umekaa miaka tisa na jambo hili, halafu unanipa mimi nilibebe mpaka ofisini? Nikilipeleka, nimemfunga kaka yangu kwa mkono wangu, na kila nikikilalia kitanda cha chumba hicho nitajua kimejengwa na nini. Nisipolipeleka, ni mimi niliyechagua kuozea humu, na wewe utasema ulinipa nafasi nikakataa. Umekuwa mjanja huko kwa watu wa wali. Ungenitia kwenye shimo lenyewe mwaka ule ukanishindilia, tungejua moja.

Nimekuwa na hasira mpaka nikavunja bakuli lako. Halafu nikaenda kukaa karibu na Baba, mwelekezi akafika na watu wake, akaanza hadithi ya tabaka kwa tabaka. Baba akacheka. Safari hii nami nikacheka, siwezi kukuficha. Tulicheka wote wawili mpaka watu wakasogea nyuma. Halafu nikalia.

Mimi siamui kitu. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Mkuu wa kaya ni wewe.

Cuiping


Kituo cha treni, Zhengzhou, 23 Septemba 1996

Cuiping,

Naandikia gotini, nasubiri treni ya kaskazini. Nimemrudishia tajiri ufunguo wa tanuri. Bibi wa meno nimempa mantou thelathini azikaushe.

Usije ofisini. Usinipikie. Nikipita kwanza nyumbani sitafika huko, najijua. Nitaingia moja kwa moja, na nitasema nilikuwa peke yangu, tangu koleo la kwanza mpaka kisigino cha mwisho. Wewe hujui lolote. Barua yangu ya mwezi wa nane ichome leo hii, kabla hujamaliza kusoma hii.

Naogopa sana. Nilitaka mtu mmoja ajue.

Shouxin


Beizhai, 9 Aprili 1997

Kaka Shouxin,

Salamu kutoka nyumbani. Wameniambia barua zote za wafungwa hufunguliwa kwanza, kwa hiyo nawasalimu na hao wanaoifungua. Mimi mzima. Baba mzima kwa kadiri yake. Shangazi amekufumia soksi, nimezituma na karanga na koti la zamani la Tian. Nimesikia mnafyatua matofali. Usisimame kwenye baridi na jasho. Miaka minne si mchezo, lakini afisa anasema hata kwa kujileta mwenyewe usingepata pungufu ya hapo, na wengine wamepata mara tatu.

Walichimba mwezi wa kumi. Chini ya ule udongo wa kushindiliwa walikuta mfuko wa mbolea wa nailoni, halafu udongo wa manjano usioguswa na mtu. Mtaalamu kijana, yule aliyeandika kibao, alishuka shimoni akakaa humo nusu saa. Alipotoka aliniuliza ni nani aliyekufundisha kushindilia hivyo. Nikamwambia sijui. Kibao wameondoa. Mstari mwekundu sasa unapita nje ya ukuta.

Chumba kimekwisha tangu mwezi wa pili, cha matofali, madirisha mawili. Mimi na Tian tuliandikishwa ndoa baada ya mwaka mpya. Mama yake alikuja na blanketi mbili. Watu wa kijiji wengine hawanisalimu, wanasema nimemuuza kaka yangu nipate mume. Kibali nimekibandika ukutani na sikitazami.

Kuna jambo sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua niliweke wapi.

Siku walipokuleta ukawaonyeshe mahali, uliinamisha kichwa, ulikataa kututazama, kwa hiyo hukuona. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Uliposema kwa sauti kwamba ulikuwa peke yako, aliguna. Mkono wa kushoto akauinua. Halafu akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akaunyanyua kwa ule mwingine, akaiweka pamoja mbele yake, viganja juu, akamnyooshea afisa mwenye pingu. Alikaa hivyo. Mate yanamtoka, anajaribu kusema.

Afisa alidhani mzee anamsalimia. Akaja, akaipokea mikono yote miwili, akaitikisa, akasema, "Pole, mzee. Si kosa lako."

Baba akanigeukia mimi niseme.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko mtu yeyote. Nikamfunika miguu kwa blanketi nikasema, "Anasikia baridi," nikamwingiza ndani.

Tangu siku hiyo hajacheka, na chakula hakipokei mkononi mwangu. Anapokea kwa Tian.

Cuiping